Vazi la Kukaa Mtini

Jumatano, 6 Juni 2012

Vipande mia mbili na kumi bado. Nakata gunia, nachambua kingo mpaka nyuzi zining'inie kama nyasi kavu, nashona kimoja kimoja kwenye kitambaa cha pamba. Cherehani haisaidii hapa, ni mkono tu. Kidole gumba kimevimba.

Mavazi ni mawili. Moja la Bwana Piet, fundi bomba wa mtaa wa Kensington, jingine langu. Piet huwinda kwa upinde katika shamba la kaka yake, mwendo wa saa mbili kaskazini mwa jiji. Hukaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa juu ya mti, anasubiri swala waje kunywa maji. Majira matatu ya baridi hajapata kitu. Aliniletea suti yake ya dukani: nailoni, kijani kibichi, inang'aa, ukiisugua inalia. Nikamwambia Juni porini hakuna kijani. Tena swala hajali sana rangi. Anaona mng'ao, anaona kinachosogea, anasikia nailoni. Akanitazama kana kwamba cherehani ndiyo imesema.

Nilijifunza kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, baada ya kukimbia Burundi. Tulijenga dungu juu ya mti pembeni mwa mahindi, tukakaa na mishale. Sikumweleza. Yeye akasema basi twende wote, ukae mtini na mimi, unionyeshe ninapokosea.

Nguo zikifaa, nahamishia cherehani kwenye gereji yake. Ina dirisha na umeme. Mwenye chumba changu cha kushonea cha Jules Street anakitaka tarehe 30, aweke duka la simu. Nimeuliza milango tisa. Wote wanataka karatasi, na yangu imepita muda. Bila mahali pa cherehani mimi ni mzee wa kulishwa tu. Nina miaka sabini. Sitaki.

Ijumaa, 8 Juni

Nimemaliza. Hakuna zipu wala kifungo cha chuma, ni kamba za kitambaa. Nimefua kwa maji matupu, kwa sababu sabuni ya unga huacha mng'ao.

Nilijaribu langu sebuleni. Mjukuu wangu Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Kiingereza chake akasema nafanana na mti uliokwenda harusini. Mama yake hakucheka. Aliuliza juu ya huo mti kuna nini cha kushika.

Mama Riziki ni mke wa marehemu mwanangu. Mkongomani wa Uvira, kiongozi wa wanawake wa maombi. Hakulazimika kunitunza. Amenitunza miaka saba.

Jumamosi, 9 Juni

Alfajiri walikuja wanawake wanne. Mtu wa nyumba hii akisafiri, hupakwa mafuta kichwani. Ni mafuta ya mizeituni yaliyoombewa, wanatia na manukato ya waridi. Mama Riziki alimimina ya kutosha. Yalinishuka mpaka kwenye kola.

Mti ni mgunga mkubwa. Viti viwili, changu chini, cha Piet juu kidogo nyuma yangu. Mkanda kiunoni, umefungwa kwenye shina. Kaka yake akaondoa ngazi, kwa sababu swala huishtukia, akaenda zake na gari. Atarudi jua likizama. Hakuna kushuka, hakuna kukojoa, hakuna kukohoa. Saa tatu nzima. Miguu ilikufa ganzi saa ya kwanza. Naogopa urefu, sikujua mpaka leo.

Saa kumi walikuja. Majike sita na dume. Hatua arobaini wakasimama, vichwa juu. Dume akapiga chafya moja kali, wakatoweka.

Piet alisema vipande vinapepea. Hakusema kingine njia nzima.

Jumatatu, 11 Juni

Vipande havipepei. Nilivipima mbele ya feni, kasi ndogo, kasi kubwa. Nimepunguza vya mabegani hata hivyo, ili aone nimefanya kitu.

Mwenye chumba alipita na mtu wa kupima rafu. Walipima ukuta wakiniruka kichwani. Niliendelea kushona.

Jumamosi, 16 Juni

Tena mafuta. Tena barabara. Piet ana mafua, anavuta pua na kuomba radhi kwa mti.

Nimekaa kama inavyotakiwa. Mgongo kwenye shina, mtu asijichore dhidi ya anga. Mikono ndani ya mikono ya nguo. Uso umepakwa masizi. Macho chini, maana macho hung'aa. Nimening'iniza uzi mmoja kutoka kidoleni niusome upepo. Ulikuwa ukielekea upande wa maji, polepole, mfululizo.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na hapo ndipo mwili ulipokumbuka kabati. Mei 2008. Watu walipita Malvern mlango kwa mlango wakiwasaka wageni wa nchi nyingine. Mimi, Mama Riziki na mtoto, ndani ya kabati la nguo, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Kiganja chake mdomoni mwa mtoto. Magoti yangu yalikuwa hivi hivi. Walitikisa kitasa chetu, wakaenda mlango wa pili. Mama Riziki alikuwa ameupaka mlango mafuta. Zamani mtu aliweza kukataa; tangu siku ile hakuna anayetoka nyumba hii kwenda mbali bila kupakwa. Mimi si mtu wa kuamini sana. Sijawahi kumbishia.

Saa kumi na robo walitokea. Sikusogea hata kope. Uzi ulinyooka kuwaelekea. Dume hakutazama juu kabisa, aliinua pua. Kwanza pua, kisha shingo, kisha chafya. Wakaenda.

Nikavua kofia, nikainusa. Waridi. Waridi tupu, kama ukumbi wa bibi harusi.

Mimi ndiye niliyewafukuza, mara zote mbili. Mtoto wa kwetu anajua kwamba kabla ya dungu hujipaki kitu, huogi sabuni, hukai hata karibu na anayepika. Nilifikiria macho yao, nikafikiria masikio yao, nikasahau pua. Miaka mingi mno na watu wa mjini.

Nyuma yangu Piet akasema, "Eish, Madala," yaani mzee. Basi. Kaka yake alipotuletea ngazi, Piet akaniambia Jumamosi ijayo ni ya mwisho, baada ya hapo atarudi kwenye kibanda cha chini kama watu wengine, na nguo zangu hatazihitaji.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mkwe wangu ananipaka waridi?

Jumapili, 17 Juni

Kanisani. Wanawake wa maombi wamenishika mkono mmoja mmoja. Wanafunga kwa ajili ya ile gereji, Jumatano na Ijumaa. Mama Nzeyimana ana sukari na bado anafunga. Nimeshukuru. Ningependa ardhi ipasuke.

Alhamisi, 21 Juni

Nilijaribu. Mama Riziki alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, nikasema Jumamosi labda tuache mafuta, tuombe tu.

"Papa, unakatala?"

Nikasema sikatai, ni kwa ajili ya wanyama, wananusa.

"Wanyama wa nani? Wanyama ni wa Mungu. Mafuta ni ya Mungu. Sasa vitagombana?"

Nikasema ni harufu tu, Mama Riziki.

Akaweka kisu chini. Akasema hiyo barabara imejaa malori. Akasema mume wake alitoka hapa asubuhi moja bila mafuta, kwa sababu alikuwa na haraka. Hakusema zaidi. Ni mwanangu pia.

Nimefungwa kote kote. Nikipakwa, swala wanakimbia na cherehani inakaa barabarani. Nisipopakwa, yeye hatalala mpaka nirudi, na nyumba hii haitakuwa ile ile.

Jumamosi, 23 Juni

Niliinamisha kichwa. Wakapaka. Nikasema amina.

Shambani nilimwomba kaka yake Piet asimamishe gari kwenye birika la ng'ombe. Maji yalikuwa baridi kama barafu. Nilivua shati nikaosha kichwa, shingo, masikio, kwa majivu kutoka mahali pao pa kuchomea nyama. Mara tatu. Piet alinitazama kama mtu anayetazama ajali. Kofia niliiacha ndani ya gari. Nikajisugua majani makavu na mavi ya swala, yamejaa pale. Meno yaligongana mpaka nilipofungwa mkanda.

Nilikuwa mwizi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia, nikiwa mtini, safi, kichwa kikiuma kwa baridi.

Walikuja mapema, saa tisa na nusu. Uzi ulikuwa ukiwaelekea, kama wiki iliyopita. Majike wakapita moja kwa moja mpaka kwenye maji. Dume alisimama chini ya miguu yangu. Ningemwangushia uzi ukamgusa. Niliona kope zake, na kupe mmoja nyuma ya sikio. Alitazama juu. Alinitazama mimi, usoni, kwa muda ambao sijui kuupima. Sikupumua. Kisha akainama akala kitu.

Upinde wa Piet una magurudumu mawili kama ya kapi. Haukulia. Mshale uliingia nyuma ya bega. Alikimbia hatua thelathini akaanguka.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, kifuani, kama kijana. Baadaye tukakaa karibu saa mbili tukisubiri ngazi, naye amelala pale wazi mbele yetu, na furaha ikaisha ningali nimefungwa.

Piet aliniambia gereji ni yangu. Akarudia mara mbili.

Nyumbani Mama Riziki alisimama mlangoni. "Papa, mafuta ilikusaidia?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 24 Juni

Ilipaswa nijue. Wakati wa ushuhuda Mama Riziki alisimama wa kwanza. Alieleza yote: mti, wanyama wenye macho makali, mafuta. Akasema kama Bwana alivyoulinda mlango wetu, ndivyo alivyomficha mzee wetu juu ya mti. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akageuka akaniita mbele nimalizie mwenyewe.

Kutoka kiti changu mpaka mbele ni hatua kumi na mbili. Mchungaji alinipa kipaza sauti. Mama Nzeyimana alikuwa akilia kwa furaha, yeye aliyefunga na sukari yake. Ningeweza kusema amina na kukaa. Hakuna mtu mle ndani ambaye angejua.

Nilisema, "Mafuta niliyanawa."

Nikaeleza: birika, majivu, mavi ya swala. Nikasema niliogopa kukosa mahali pa cherehani kuliko nilivyoogopa kumdanganya mama huyu. Nikasema hakunifundisha uongo yeye, nilikuja nao.

Mchungaji ni mtu mwepesi. Alichukua kipaza sauti akapaza, "Hata maji ni ya Bwana!" Ukumbi ukacheka, wakaimba. Mzee mmoja wa kwetu akanong'ona nilipopita, "Na mavi je?"

Mama Riziki hakucheka. Hakuimba. Alikunja leso yake ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikuweza kukunjika tena.

Jumatano, 27 Juni

Chakula kinawekwa. Salamu inajibiwa. Basi.

Nilimkuta Mama Riziki jikoni nikasema samahani. Akasema, "Nimesikia, Papa," akafungua bomba. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu. Hakuna kilichonifaa pale.

Nimefunga uzi na mikasi kwenye sanduku. Piet anataka mavazi manne ya marafiki zake. Sijaanza.

Jumamosi, 30 Juni

Nimehama. Piet alileta pikapu saa mbili asubuhi. Miguu ya cherehani ni chuma cha zamani, haibebwi na mtu mmoja, naye mgongo unamsumbua. Nilikuwa natafuta wa kuita mtaani. Mama Riziki alikuwa amesimama pale, kitambaa kichwani, viatu vya kazi. Sikumwona akija. Alishika upande wa pili. Tuliinua kwa pamoja.

Gereji ni kavu. Inanuka mpira na rangi. Dirisha liko kushoto, upande unaofaa kwa kushona. Alifagia wakati mimi naweka rafu. Alifuta kioo. Hatukusema mengi.

Alipomaliza akakaa juu ya sanduku, akasema, "Papa, siku ingine uniambie mapema. Hata kama nitakasirika."

Nikasema nitakwambia.

Nilitaka kuijaribu mashine. Tundu la sindano sikulipata. Alinitazama nikikosa mara tatu, nne. Kisha akauchukua uzi, akaulamba ncha, akautunga. Nikashona kipande cha gunia, mstari mmoja mrefu ulionyooka. Alikaa mpaka nilipofika mwisho.