Mimba si Dawa ya Zawadi

Mama yangu,

Nakuamkia kwa magoti yote mawili, hata kama huku hakuna muntu anayepiga magoti. Kifua chako kinaendeleaje? Kile kikohozi kimepungua? Maji ya ziwa yametoka mu parseli, kiwanja chetu, ao bado munapanga matofali mulangoni? Minye mutoto wako, mwili ni muzima. Bado nafanya usafi mu hopitali ile ile ya huku Australia, na baridi inatukata. Roho ndiyo haiko nzima.

Barua hii nimempa mama mumoja wa kanisa letu anayekuja kuwaona wazazi wake Bujumbura. Atavuka mupaka mpaka Uvira akuletee mukononi. Sikutuma voice, ujumbe wa sauti, juu telefone iko kwa baba mudogo, na yeye ndiye aliyeharibu maneno yangu. Soma peke yako kwanza.

Mama, Jumapili Zawadi aliniita kwa telefone ya mama Riziki, jirani yetu. Akasema: «Yaya, dada yangu, naenda kuolewa Luvungi. Baba mudogo anasema weye ndiye ulituma dawa yangu. Anasema dawa ni mimba.»

Nilikaa chini pale pale mu korido, ndoo pembeni. Mimi? Mimi ndiye nilisema mudogo wangu apewe mimba kama vile muntu anapewa vidonge? Ole wangu!

Nilichosema ni hiki. Iko dokta mumoja wa wagonjwa wa kichwa, mwanamke, ambaye nasafisha biro, ofisi yake. Nilimuuliza juu ya ugonjwa wa Zawadi, ule wa kusikia sauti. Wao wanauita skizofrenia. Nikamueleza jinsi alivyokuwa na mimba ya Neema: alilala vizuri, aliuza samaki wa ndagala sokoni, aliimba mu korali, hadi pasta akatangaza kwamba amefunguliwa, amepona. Dokta hakucheka. Alisema kwa wanawake wengine inakuwa hivyo, juu homoni za kike zinapanda sana wakati wa mimba, na inaonekana zinakinga ubongo kidogo. Alisema iko madokta wanajaribu dawa zinazofanya kazi kama homoni zile, wanazitoa pamoja na vidonge vya kawaida. Wanawake wengine wamepata nafuu, wengine hawakupata kitu. «Bado tunatafuta,» akasema.

Nilifurahi, Mama, nikatuma voice ningali na nguo za kazi. Nikasema iko tumaini. Baba mudogo akaokota neno mimba, mengine yote akayaacha njiani. Sasa anatembea mutaa wetu wa Songo nzima akisema dokta wa Bulaya ameamuru. Australia si Bulaya, na dokta hakuamuru!

Dokta alisema pia kwamba muntu akishazaa, homoni zile zinaanguka mara moja, na ugonjwa unaweza kurudi na hasira. Hayo, weye unayajua kuliko dokta. Weye ndiye ulimukuta Zawadi mu ziwa, maji yamemufika kifuani, amebeba Neema, anasema sauti zimemuamuru amuoshe mutoto mpaka aishe. Neema anatembea leo juu weye ulikimbia. Baba yake alikimbia pia, lakini upande wa pili. Kule Luvungi nani atakimbia, Mama? Na kule iko muto wa Ruzizi, na mamba.

Nasikia pia baba mudogo anataka vidonge vikatwe, ili bibi-arusi asionekane anameza dawa. Yule mwanaume mujane wa Luvungi anayetaka kumuoa, mumemwambia juu ya ugonjwa? Nimeambiwa ni mukulima mupole, amefiwa, anatafuta mama wa watoto wake. Mumemwambia ao munamutegea shimo? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilirudi kwa dokta yule nikamupigia magoti anipe hizo dawa mpya nizitume. Akaniinua. Akasema dawa ile haitumwi mu bahasha, inaweza kugandisha damu, lazima mugonjwa awe karibu na dokta wa kumuangalia, na bado hawajui inamufaa nani. Kwa leo, akasema, dawa ya mudogo wako ni vile vidonge anavyo, asiviache. Nikamuuliza: Uvira itafika lini? Akasema hajui. Nililia mu chumba cha mafagio mpaka wenzangu wakaja kunitafuta. Nimechoka kungoja, Mama, na nyinyi mumechoka kuliko minye, najua.

Nakuomba, kwa maziwa uliyoninyonyesha: vidonge visikatwe hata siku moja, na ng'ombe za mahari za watu zirudi Luvungi. Ukimuogopa baba mudogo, sema ni minye nimekataa. Anitukane minye, matusi yake hayatavuka bahari.

Nisalimie mujomba, kaka yako wa Kalundu. Mwambie aje akae nawe siku wageni wa Luvungi watakapofika, juu yeye haogopi kelele. Nisalimie mama Riziki, asante kwa telefone yake. Nisalimie pasta wetu, aombe, lakini asimuambie Zawadi kwamba amepona. Mubebe Neema kwa niaba yangu, mwambie mama yake mukubwa anamupenda. Baba mudogo leo sina salamu zake.

Zawadi usimupe salamu tu. Mukalishe karibu yako, umuulize kama anataka bwana. Minye nilimuuliza Jumapili. Akasema hakuna muntu aliyemuuliza kabla yangu. Kisha akasema: «Yaya, minye nampenda Neema. Lakini nikizaa tena, naogopa mikono yangu.»

Ni minye, mutoto wako wa kwanza,
Nabintu