Mikono Yote ya Kushoto

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo mwanangu? Kazi huko jikoni hospitalini inakwendaje? Mimi namshukuru Mungu, ila vidole vinaamka vimevimba, mkasi unanishinda. Vidole si kitu, kichwa ndicho kinachonitisha. Juzi nimeshona sare ya mtoto wa jirani, mikono yote ya kushoto! Nashika kitambaa, nakumbuka pasi. Naiacha pasi, nafuata uzi. Mwisho nasimama katikati ya chumba kama mgeni. Wateja wanacheka, nacheka nao. Wakiondoka nalia. Bibi yako alianza hivi hivi. Naona bora nifunge duka.

Mama yako

17 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila barua yako imeniliza. Usifunge duka! Nimemweleza daktari mmoja anayekula hapa kwetu. Akauliza, "Na vidole vimevimba?" Nikasema ndiyo. Akaweka kijiko chini: "Akapimwe damu. Huenda vidole na kichwa ni ugonjwa mmoja." Nenda na shangazi, tafadhali.

Kitindamimba wako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Hata chakula hakipiti. Niandikie, hata mstari mmoja.

Kitindamimba wako

20 Mei

Marahaba mwanangu,

Nisamehe, nilitaka kwanza nipate la kukuambia. Nilikwenda na shangazi yako, nikapimwa damu: ni baridi yabisi. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na vijidudu, inavipiga viungo vyangu mwenyewe. Daktari wa huku akasema, "Moto wa uvimbe huo hauishii vidoleni. Unaweza kuuchosha ubongo, ukashindwa kupanga kipi kianze, kipi kifuate."

"Kwa hiyo sijarukwa na akili?"

"Mama, una vita mwilini. Akili unazo."

Shangazi yako akapiga kigelegele humo humo chumbani mwa daktari, muuguzi akaja mbio!

Dawa zilikawia kushika, karibu nikate tamaa. Kisha asubuhi moja nikakata gauni, nikaliunga, nikalipiga pasi, ndipo nikashtuka: kumbe nimemaliza! Ugonjwa haujaisha, umetulizwa tu. Dawa nitazimeza huku naimba.

Mama yako, fundi

11 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wapishi wenzangu wakagonga masufuria! Likizo yangu bado iko mbali. Hamu ya kukuona itaniua.

Kitindamimba wako

18 Juni

Mwanangu,

U mzima? Mimi tele. Sare nimemwachia fundi jirani, funguo shangazi yako, dawa zimo mkobani. Basi la kwanza, nalala kwa rafiki yangu, basi la pili, kisha mtaa wenu. Nimepanga yote mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Ukisoma haya niko njiani. Ukisikia hodi, usiulize nani.

Mama yako