Salamu za Mama Darasani kwa Judy

Junda, Kisauni,
Mombasa.
9 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Jefwa,

Hujambo huko Doha? Joto lakuonea bado? Sisi tu wazima, ila goti la Mama linamsumbua kama kawaida yake. Majirani wakikuulizia, nawaambia umenenepa.

Sasa nikupe habari za mpwa wako Judy. Wakumbuka alivyokililia chuo. Basi masomo yao mengi yalipohamishiwa mtandaoni, akawa anakaa mbele ya ile kompyuta uliyomtumia, uso kaukunja. Alisema hicho si chuo: wenzake wamezima kamera, hakuna amjuaye mwenziwe, mhadhiri akiuliza swali hakuna ajibuye. Akaniambia wazi kwamba muhula ukiisha anaacha, aje tuuze nyanya pamoja sokoni Kongowea. Nilikosa raha kabisa.

Nawe wamjua mama yetu, hapiti penye watu bila salamu. Asubuhi moja alimkuta Judy darasani, pale sebuleni, akainamia kompyuta. “Hamjambo wanangu?” Akavuta kigoda, akaketi. “Mbona kimya? Nyie watoto wa nani?”

Judy alitamani ardhi immeze. Lakini kijana mmoja, Wafula, akafungua kamera: “Shikamoo bibi.” Wengine wakafuata, hata mhadhiri. Mama hakubanduka mpaka ajue kila mmoja yuko wapi. Kumbe mwenzao mmoja, Purity, yuko hapa jirani Mwakirunge, na Judy hakujua! Siku hizi huja kusomea kwetu.

Tangu hapo somo halianzi kabla Hawe, kama Judy amwitavyo bibi yake, hajawasalimu. Na wao humuuliza goti.

Wiki iliyopita Mama alikwenda matangani Kaloleni. Nilikuwa mlangoni nachagua nyanya, nikasikia darasa limenyamaza, wanamngoja. Judy akakohoa kidogo, akaanza: “Hamjambo wenzangu? Wafula, mama yako apata nafuu? Purity, maji yamerudi huko?” Akawazunguka wote, hakumruka mtu. Jefwa, nilisimama na nyanya mkononi nikalia, wala sikuona haya. Huyo ni mwanangu!

Jana alijiandikisha kwa muhula ujao. Nyanya zangu nitaziuza mwenyewe.

Wasalimie Mutua na Oduor unaokaa nao. Kitsao, shemeji yako, anakusalimu sana, na Kai, mdogo wake Judy, vilevile. Mungu akufunike popote uendapo. Mama naye asema ukipiga simu ufungue kamera. Yeye hasalimii ukuta.

Dada yako akupendaye,
Nyamvula