Vanishi Kwenye Gitaa la Osea

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shemeji Gwantwa kaingia leo kutoka Itumba. Gitaa kalifunga khanga mbili na shuka juu, kalipakata kama mtoto mwenye homa. Ndilo lile la marehemu mumewe, kaka Osea. Gitaa la umeme la kulaza — unaliweka mapajani, unatelezesha chuma juu ya nyuzi, linalia kama mtu aliyefiwa. Osea alilinunua Luanshya enzi zake za mgodini, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Tunduma nzima hakuna la pili. Songwe nzima!

Anataka liuzwe. Kaburi la Osea mpaka leo ni tuta la udongo na msalaba wa mti, na ukoo unakutana Julai. Anataka simenti, vigae, jina liandikwe. Kasema kila akipita pale anaangalia upande mwingine, kama mtu anayemkwepa jirani.

Nikamwambia, shemeji, umefika kwa mwenyewe. Hapa mpakani nani ananizidi kwa magitaa? Hili hili nimelipiga Kitwe! Nyuzi zikakatika zote ikabaki moja, nikaendelea na hiyo hiyo, mwenye ukumbi akazima taa watu wakacheza gizani. Mke wangu Ikupa kacheka huko jikoni. Anacheka nini? Kwani alikuwepo?

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka mpaka na gitaa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa Lusungu, binti wa dada. Ana kibanda cha redio na kamera za zamani, anaziuza kwenye mnada wa mtandaoni mpaka Ulaya. Wanunuzi wanampa nyota. Nyota ndizo duka lake lenyewe — zikishuka hakuna anayemwamini, anafunga.

Nikamwambia palepale: hili ni la kabla ya vita.

"Umejuaje, Anko?"

Kwa harufu, nikamwambia. Mtoto kachukua bisibisi, kafungua kibati cha nyuma, kamulika tochi ya simu. Kumbe mgongoni mwa kile kidude cha kuongezea sauti wamegonga namba. Za mwanzo ni za kiwanda, zinazofuata ni mwaka, za mwisho wiki. Akasoma. Mwaka arobaini na tisa. Halafu akapima sumaku, ile iliyopinda juu ya nyuzi kama kiatu cha farasi. Nyembamba. Za kabla ya vita zilikuwa pana, kasema.

"Vita ya dunia ilishakwisha, Anko."

Nikamwambia mimi nilimaanisha vita ya Korea. Akarudisha kibati. Elimu si darasa tu!

Bei sasa. Mimi nilitaka tuanzie bei ya kiwanja. Akakataa. Kasema usiangalie anachoomba muuzaji, mtu anaweza kuomba hata mwezi. Angalia minada iliyokwisha, watu walitoa nini. Akanionyesha magitaa mawili, pacha kabisa na letu. Moja limeuzwa mara mbili ya mwenzake. Nikasema hilo la bei kubwa ndilo dada wa hili letu, hata sura wamefanana. Akataka kuniambia sababu, simu yake ikaita, basi.

Picha tukapiga. Maelezo nikasema mimi, yeye akaandika kwa Kizungu: halijaguswa tangu litoke kiwandani. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa kwa jina la marehemu mama.

Jumapili, 15 Juni

Bei inapanda kama moshi! Tumeshapita pikipiki mpya. Kanisani nimewaeleza wazee nje, wakanizunguka. Mzee Lusubilo kauliza gitaa gani hilo, lina dhahabu ndani? Nikamwambia dhahabu ni ya Mkwajuni, inachimbwa na yeyote. Hii inahitaji kichwa.

Shemeji kampigia fundi wa kaburi, Itumba. Aanze kuchimba msingi. Vigae vya rangi ya damu ya mzee. Nilikuwepo wakati anaongea, sikuona ubaya. Kamwambia fundi: "Shemeji yangu anajua mpaka mwaka gitaa lilipozaliwa."

Jumatano, 18 Juni

Mnada umefungwa. Ushindi! Kachukua bwana mmoja wa Lusaka, Mutale, anakusanya magitaa ya namna hii tu. Bei sitaiandika, nikiandika itapungua. Hataki litumwe, anaogopa litavunjika njiani. Anakuja mwenyewe Jumamosi. Akiliona, analipa.

Shemeji kapiga vigelegele peke yake sebuleni. Hataki kurudi Itumba bila pesa ya vigae. Analala kwenye chumba cha Raphaeli wetu, aliyeko Mbeya. Kutwa nzima yuko kwenye kochi langu, ananiangalia kwa shukrani. Inachosha.

Alhamisi, 19 Juni

Nimelitoa gitaa juani nikaliangalia vizuri. Aibu! Rangi imekufa, imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, jasho la Osea limeacha doa jeusi pale mkono unapokaa. Mtu atoke Lusaka na basi kuja kupewa kitu kama hiki? Hata kiatu cha mtumba hapa Tunduma kinaoshwa, kinapigwa dawa, kinatiwa kamba mpya ndipo kinapangwa mezani. Kumpa mteja kitu na vumbi lake ni kumdharau.

Nikaenda kwa fundi Amoni wa makochi. Msasa mlaini nikapiga mwenyewe. Vanishi mikono miwili, ile nzito ya makabati. Vitasa vya sauti vya zamani vimepauka — nikang'oa, nikaweka vipya vya redio, vina mstari wa fedha. Vya zamani nikatupa kwenye moto wa takataka.

Linang'aa! Unajiona meno.

Shemeji kaliona, kakaa chini palepale uani. Kalia. Kasema ndivyo lilivyokuwa siku Osea alipoingia nalo nyumbani, yeye bado bibi harusi. "Ndaga, asante, shemeji. Umenirudishia mtu." Ikupa naye leo hakucheka.

Ijumaa, 20 Juni

Lusungu kaja jioni kupanga mambo ya kesho. Kaliona gitaa mezani. Hata salamu hakumaliza.

"Anko, umefanya nini?"

Nikasema nimelifanyia usafi. Akanivuta nje, nyuma ya banda la kuku. Akatoa simu, akanionyesha yale mawili pacha. Lile la bei ndogo, kumbe, lilipakwa rangi upya. Tofauti yote ni hiyo tu! Wenzetu hao wananunua nyufa. Wananunua jasho. Sasa mimi ningejuaje kuna watu duniani wanalipia uchafu?

"Umeniandikisha halijaguswa, Anko. Umeapa. Kwa jina la bibi yangu."

Nikasema basi tuvunje mauzo. Akasema tukivunja Mutale analalamika, nyota zinaanguka, yeye Lusungu kibanda anafunga. Nikasema basi tumweleze tupunguze. Akasema ndicho hicho, umpigie, umweleze kabla hajapanda basi. Na mama Gwantwa umweleze pia. Nikasema nampigia sasa hivi, mimi siogopi mtu, niliwahi kumkatalia kamanda wa mpaka akiwa na bastola mkononi. Akasema: "Anko. Piga."

Akaondoka kuwahi geti la mpaka. Nikajaribu kwanza kuitoa ile vanishi kwa thina na kitambaa. Imetoka. Imetoka na rangi ya chini yake! Pamebaki kidoa cheupe cha mti mtupu, ukubwa wa kiganja. Nikapaka kiwi nyeusi ya viatu. Kwa mbali hupaoni. Kwa mbali sana.

Ndipo nikapiga. Mutale kapokea kwa furaha, "Bakalamba!" — ndivyo wanavyomwita mkubwa wao kwa Kibemba. Tiketi anayo mkononi. Kasema baba yake alikuwa na gitaa kama hilo, likaungua na nyumba, amelitafuta miaka.

Nikavuta pumzi. Nikamwuliza anapenda kula nini.

Kasema samaki.

Kurudi ndani, shemeji kaniuliza mteja kasemaje. Nikasema anakula samaki. Shemeji anataka kesho apike yeye.

Jumamosi, 21 Juni, asubuhi

Nimeamka na mgongo. Nimemwambia Ikupa pengine niende Vwawa hospitali. Kaniangalia tu. "Baba Raphaeli, mgongo huo umeanza jana nyuma ya banda la kuku." Kumbe kasikia yote! Nikamwuliza kwa nini hajamwambia shemeji. Kasema si yeye aliyeapa.

Fundi wa Itumba kapiga. Msingi tayari, udongo wa juu wameshautoa, hawezi kuacha kaburi hivyo mvua ya baridi ikinyesha. Anauliza vigae. Shemeji kamjibu: "Leo leo."

Jumamosi hiyo hiyo

Niko chumbani. Naandika juu ya goti. Mutale yupo sebuleni, Lusungu kamleta.

Ni mtu mpole. Mrefu, viatu safi, kavua mlangoni bila kuambiwa. Kamwinamia shemeji kumsalimia. Kala samaki akasifu. Halafu shemeji akalifunua gitaa mwenyewe, khanga moja moja. Nikasema samahani, nafuata miwani nisome karatasi ya mauziano. Nikaingia huku, nikafunga komeo.

Dirisha lina nondo. Niliziagiza mwenyewe, nikamwambia fundi azifanye za benki.

Nasikia kila kitu. Kitasa cha gitaa kinazungushwa, kra, kra. Halafu Mutale, polepole, kama mtu anayeongea hospitalini: "Mama, hii rangi..."

Shemeji kadakia kwa furaha! "Shemeji yangu huyo! Kwa mikono yake, kutwa nzima juani. Lilikuwa limechakaa kweli, baba, ungelikataa."

Kiti kinaburutwa.

Mutale anauliza mwenye nyumba yuko wapi. Lusungu kaja mlangoni, ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. Toka, Anko. Toka wewe useme, usiniache niseme mimi mbele ya mama. Nimebana pumzi kama sipo. Kaondoka. Ikupa anakusanya sahani, nazijua hasira zake kwa mlio wa sahani.

Sasa shemeji anacheka. Anawaambia mnisamehe, wanaume bwana, vitu vyao hawavijui vilipo.

Nyayo. Mlango unagongwa, taratibu, kwa kiganja. Si Lusungu.

"Shemeji, fungua nikusaidie kutafuta. Macho yangu bado mazima."

Sijawahi kuwa na miwani.