Ndoo Mbili za Kubaki Mchangani

Kaka Magesa,

Nimekukosea, na bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu wa mwaloni. Tangu tukuzike sijaweza kukalia kiti chako pale kibandani kwetu Nyasho, tulipokuwa tukitengeneza kompyuta za watu. Nakaa kwenye kile cha wateja, chenye mguu mmoja mfupi, na bado nageuka kukuuliza mambo.

Wiki ile ya mazishi, kompyuta ya mwalo wa kijijini kwenu, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, ilikufa kwa unyevu. Karani wa mwalo akaniletea nyingine, ina Python, ile lugha uliyoandikia programu, ya matoleo ya sasa. Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana? Mimi nakwambia lugha imesonga mbele, toleo la pili limeshaachwa, wewe unajibu, "Dada, hii inanitoshaga. Dagaa wenyewe hawajabadilika." Basi nikasema programu yako ya kuwagawia wavuvi ndoo za dagaa nitaihamisha mwenyewe, iwe ndiyo rambirambi yangu.

Ikagoma, kama ulivyojua itagoma. Kila ulipoandika neno la kuonyesha jibu, toleo jipya lilitaka mabano. Neno lako la kupokea namba halipo tena, limepewa jina jingine. Siku hizi lugha inaeleza kosa kwa upole, inakuonyesha na mstari, hilo ungelipenda. Nikarekebisha huku machozi yanadondokea kibodi. Nikajaribu ndoo ishirini kwa watu watano. Jibu likaja nne, nukta, sifuri. Ile nukta niliiona, Kaka. Nikaipuuza.

Kumbe kugawanya nako kumebadilika, na hilo halikupiga kelele. Zamani ndoo kumi na saba kwa watu watano zilitoa tatu tatu, basi, mbili zinabaki mchangani. Sasa zinatoa tatu nukta nne. Karani akatafuta kopo la kupimia hizo nukta, wakapima hadi dagaa wa mwisho, na watu wakafurahi kweli. "Mashine mpya inajuaga haki!"

Zile za kubaki zilikuwa zinakwenda wapi, unajua kuliko mimi. Nyumba yenye msiba, mpaka matanga yaanuliwe. Niliwahi kukuuliza mbona programu haitaji masalio, ukacheka: "Hayo siyo ya mashine, ni ya waliofiwa." Na msiba wa kwanza kukutana na mashine mpya ulikuwa wako.

Mama yako alikaa mlangoni siku zote za matanga, beseni lake limeoshwa, limeegemezwa ukutani. Hakuna aliyepita na ndoo. Kule mwaloni hawakuona kitu kimebaki, wakadhani karani ameshatuma, na karani akadhani wao wameshapeleka. Yeye hakuuliza, unamjua. Nilipokwenda kumsalimia matanga yameshaanuliwa, ndipo akanishika mkono akasema taratibu, "Mwanangu, Magesa aliwakoseaga nini wale watu?"

Wewe uliyewagawia miaka yote hiyo, mama yako akadhani wanakuchukia, na sababu ni mimi.

Nilimweleza nilivyoweza, nikashuka mwaloni, nikafungua programu. Dawa yake ilikuwa alama moja tu ya mkwaju, niuongeze kando ya ule wako wa kugawanya, na masalio yakarudi. Mkwaju mmoja. Nilikaa palepale kwenye nyavu nikalia mpaka karani akazima redio yake.

Kesho yake zilibaki ndoo mbili. Karani alizibeba mwenyewe hadi kwa mama yako, akaomba radhi akiwa amevua kofia. Mama akazitazama, hakuzigusa. "Kwangu matanga yameisha," akasema. "Kuna mjane kule Mugeta amefiwa juzi. Mpelekeeni." Kisha akaingia ndani na beseni lake.

Hilo beseni ndilo linaloniamsha usingizini.

Juu ya ule mstari wa kugawanya nimeandika maneno ambayo mashine haiyasomi, yanasomwa na mtu tu: usiguse, hili ni fungu la waliofiwa. Najua matoleo mengine yatakuja, na mengine baada yangu. Pumzika, Kaka. Nakuahidi hili: kila toleo litakapofika, sitajaribu tena kwa namba zinazogawanyika vizuri. Nitaweka ndoo kumi na saba, watu watano, na sitanyanyuka kitini mwako mpaka nione mbili zimebaki.

Dada yako,
Nyangeta