Mwenye Nyumba Juu ya Kilima

Kwako Mama yangu,

Jumamosi hii tunaondoa matanga yako, na kaka amepiga simu kutoka Texas kusema ni mapema mno. Sijamjibu. Nimekaa mezani hapa Woodbridge, chai imepoa, na badala ya kumjibu yeye nakuandikia wewe, maana mambo ya matanga wewe ndiye uliyeyajua kuliko sisi wote.

Nakumbuka ulivyofika Marekani na kile kitambaa cheusi kichwani. Kanisani, akina mama wa Kenya walidhani umefiwa juzi. Wakaja nyumbani na sufuria za pilau, wakaimba, wakaomba, nawe ukapokea kila pole kwa heshima zote. Walipoondoka nikakuuliza kwa nini hukuwaambia kwamba Bibi, mama yako, alikufa mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Ukasema kwa Kiswahili chako cha Uvira, "Pole haichelewi. Na pilau yabo ni tamu."

Hukuwa mtu wa kusimulia. Nilichojua ni hiki tu: vita vilipofika kwetu Uvira, nyumba ya Bibi ilikuwa juu ya kilima, na kila mwenye bunduki alikitaka kilima kile. Bibi alikuwa hawezi tena kutembea. Ulitaka kumbeba, akakataa, akakuambia uchukue watoto uende. Ukanifunga mgongoni, ukamshika kaka mkono, ukashuka. Majirani tuliowakuta baadaye kambini Tanzania walisema nyumba ilipigwa. Nani alimzika Bibi, na wapi, hakuna aliyejua. Nawe ulishikilia kwamba matanga hayaondolewi bila kaburi, basi kitambaa kikabaki kichwani miaka yote.

Kisha akaja Mwangi, mume wangu, na vita vyake. Wageni wa watu wengine hupelekwa kupiga picha mbele ya Ikulu. Wageni wetu hupelekwa Manassas, kwenye uwanja ambako majeshi ya Kaskazini na Kusini ya nchi hii yalipambana mwanzoni mwa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu kazaliwa Nyeri, anashinda na kompyuta Falls Church, lakini akianza kusimulia pigano lile utadhani alipoteza ng'ombe pale.

Kabla ya kukupeleka alikupa somo kwanza, kwenye meza hii hii. Bakuli la sukari lilikuwa kilima, vijiko vilivyopangwa vilikuwa mto, vipande vya chapati askari, birika gari la moshi.

"Mama, angalia," akasema. "North wako wengi, wana mizinga ya nguvu, wanatoka hapa Washington. South wamekaa nyuma ya mto, wana-guard vivuko. So North wanafanya ni kama wana-attack hapa kwa daraja, kumbe wengi wao wamezunguka huku juu."

Ukaziangalia chapati. "Balizunguka na miguu?"

"Eeh, na miguu. Na jua ilikuwa kali."

"Alors, balifika benye kuchoka."

Mwangi akakubali shingo upande. Akasogeza chapati: asubuhi Kaskazini wanashinda, Kusini wanarudi nyuma mpaka kwenye bakuli la sukari. Akaeleza jinsi Kusini walivyolala upande wa pili wa kilima, adui asiwaone, wakangoja. Wewe ukasema anayengoja juu anapumzika, na anayepanda anakuja akihema. Mwangi akajitetea kwamba Kaskazini bado walikuwa na nafasi nzuri, kama siyo birika. Akalinyanyua: gari la moshi likaleta askari wapya wa Kusini kutoka bondeni kule magharibi. Nawe ukachukua kikosi kizima cha Kaskazini ukakichovya kwenye chai.

Siku ya kwenda palikuwa na joto. Ulitembea polepole kwenye nyasi, mkoba begani, Mwangi akitangulia na kuonyesha kwa mkono. Alisimama penye mizinga akakueleza kosa la Kaskazini. Waliileta mizinga yao juu ya kilima, karibu mno na adui. Mara wakatoka askari msituni wamevaa buluu, na kwa kuwa sare za siku zile zilikuwa bado zimechanganyikana, wenye mizinga wakadhani ni wenzao, wakasita kupiga. Walikuwa wa Kusini. Wakawamaliza palepale kwenye mizinga yao.

"Hata kwetu ilikuwa vile," ukasema. "Nguo haikukuambia kitu." Halafu ukageuka. "Na ile nyumba ni ya nani?"

"Hiyo? Hiyo ni nyumba tu, Mama. Sasa, hapa ndipo..."

"Mukwe wangu, benye nyumba balikwenda wapi?"

Tukaenda mpaka kwenye nyumba. Ilijengwa upya baada ya vita, lakini kando yake kuna kaburi la kweli, lina uzio, na kibao. Nikakusomea kwa Kiswahili. Alikaa hapa bibi mjane, mgonjwa wa kitandani. Mapigano yalipokaribia, watoto wake walimbeba wakamtoa. Njiani akawasihi wamrudishe kitandani kwake, wakamrudisha. Wenye mizinga wa Kaskazini wakadhani wanapigwa risasi kutoka ndani ya nyumba, wakailenga.

"Balimurudisha?" ukauliza.

"Ndiyo, Mama. Aliomba mwenyewe."

"Na mutoto wake alibakia naye?"

"Binti yake alibaki."

"Na akakufa tu."

"Akafa."

Mwangi akaanza habari za gari la moshi, nikamkata jicho. Ukainama ukang'oa majani kando ya uzio, kama tunavyofanya kwenye kaburi la mzee wa nyumbani. Mzungu mmoja aliyepita na mbwa akatuangalia, akavua kofia. Kisha ukafungua kitambaa cheusi, ukakikunja, ukakitia kwenye mkoba pamoja na chapati zetu za njiani. Nywele zako zilikuwa zimeshakuwa nyeupe zote, nami sikuwa nikijua.

"Siku zote nilikuwa nafikiri," ukasema, "kama ningebakia."

Njiani kurudi ukamwomba Mwangi apitie duka la yule Mghana anayeuza vitenge. Ukachagua kitenge cha njano chenye ndege. Jumapili kanisani wale akina mama wa pilau hawakukutambua.

Mama, nimekukumbuka sana. Kazi yangu ni kuwatunza wazazi wa watu, nimeona wanaokufa hospitali na wanaokufa nyumbani, na bado haikunisaidia ilipofika zamu yako. Kaka alitaka upelekwe hospitali. Daktari alisema pengine ingesaidia, pengine isingesaidia. Nawe ukanishika mkono ukasema, "Musinibebe." Sikukubeba. Nilikaa kitandani pako mpaka mwisho.

Kaka hasemi kwa ukali, lakini anasema: kama ungempeleka. Mimi pia husema hivyo, hasa nikiosha vyombo. Na tangu tukuzike nimekuwa nikifunga kitambaa chako cheusi. Nilikikuta kwenye mkoba ule ule, kimekunjwa kama ulivyokikunja.

Sasa nimeamua nitakavyomjibu. Nitamwambia aje Ijumaa. Mwangi atampeleka kilimani amweleze nani alikuwa na nguvu gani na nani alikosa nini, kwa sababu hakuna anayeweza kumzuia. Mimi nitamwonyesha nyumba, nimsomee kibao. Halafu tutakuja kwako sote. Bibi hakuwa na kaburi la kung'olewa majani. Wewe unalo, na jana nililisafisha.

Jumamosi nitakivua kitambaa na kuvaa kitenge chako cha njano. Kinaniishia juu ya kifundo cha mguu, kwa kuwa ulikuwa mfupi, na nitakivaa hivyohivyo.

Lala salama, Mama. Ukimwona Bibi, mwambie tulifika.

Ni mimi mwanao,
uliyenifunga mgongoni ukashuka nami.