Gundi ya Ndege ya Vita

Kasubi, Kampala
Jumapili mchana

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo, na uipokee ukiwa umekaa, maana goti lako najua halipendi habari ndefu. Linaendeleaje? Na wifi yako, mke wangu, bado mnagombania jiko, au mmegawana, mmoja chai mmoja wali? Yule mbuzi wako mwenye kiburi ameshakula pazia jingine? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Meno ninayo, yale yaliyobaki, na tumbo limepungua bila mimi kuliomba, kwa sababu sukari hapa tunaisikia kwa jina tu, na sabuni ukiipata unaifungia kitambaa kama hirizi.

Barua hii sikuitia posta. Inakuja mkononi mwa dereva wa lori, mtu wa kwetu Kisauni, kwa hivyo naandika kama tunavyozungumza kibarazani. Ukishaisoma, itie jikoni iungue. Msomee wifi yako peke yake, na ukifika pale pa aibu, ruka. Akikuuliza mbona umeruka, mwambie mwandiko mbaya.

Aibu inaanza hivi: ndugu yako mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe na mkwe mmoja, amekuwa akijifungia chumbani kuchezea kidege.

Unaijua kazi yangu. Natengeneza vyerehani kwenye karakana inayoshona sare za askari. Vipuri havipatikani tangu Wahindi waondolewe, basi navunja cherehani hii niponye ile. Sasa kuna sajini mmoja aliyegawiwa duka la Mhindi aliyefukuzwa. Alinichukua nikamtazamie cherehani ya mkewe, nikaitengeneza, naye akazungusha macho dukani akitafuta cha kunituza. Akashusha sanduku lenye vumbi. "Fundi, chukua hii. Mimi hapana jua kazi yake."

Juu ya sanduku ilichorwa ndege ya vita, ile ya kuangusha mabomu, injini nne, bunduki zimetokeza puani na mkiani, na mji unawaka moto chini yake. Nikakumbuka zile zilizokuwa zikipita juu ya nyumba yetu Majengo wakati wa vita, wewe ukinivuta mguu niingie uvunguni, mimi nikitaka kutoka nikazione. Najua unachotaka kusema, Da Mwana. Sanduku lile lilikuwa mali ya mtu aliyeondoka na begi lake tu. Nami nililisema hilo, lakini nililisema moyoni, huku mkono umeshalitia kwapani.

Ndani hamna ndege. Mna mifupa ya ndege. Vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti vyake kama samaki aliyeliwa yakabaki miiba. Unakikata kipande kwa wembe, unasugua kovu lake, unakiunganisha na mwenzake kwa kufuata michoro ya kwenye karatasi. Nusu ya tumbo na nusu ya tumbo. Mapanga ya injini. Mna hata askari wa kukaa ndani, wadogo kama punje za mpunga, hawana nyuso, wameweka mikono magotini wanangoja. Kila Jumapili nikawa nafunga mlango, nashusha pazia, nakaa sakafuni na wembe wangu. Nilikuwa na furaha, dada. Katika mji huu ambao mtu akikohoa barabarani wenzake wanageuka, mimi nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa.

Tabu ikawa gundi. Ile iliyokuja nayo ilikuwa imekauka ndani ya tyubu yake, ngumu kama jino. Nikakoroga ubandiko wa unga wa muhogo, ule tuliokuwa tukigandishia tiara. Bawa likashika vizuri sana mpaka nilipopiga chafya.

Nikashuka Kikuubo, kwenye vichochoro vya wauzaji wa jumla, ambako ukikosa kitu basi hakijaumbwa. Nikaingia duka la kwanza. "Habari, ssebo. Gundi iko?" Ssebo ni bwana, kama nyabo ni bibi. Huku husemi *ipo*, kila kitu na kila mtu ni *iko*, nami najitahidi kusema kama wenyeji wasinione na maringo ya pwani. Mwenye duka akamtazama mwenzake. "Simanyi," akasema, yaani hajui. Nikaingia la pili. "Natafuta gundi." Simanyi. La tatu nilimkuta mtu anateremsha mlango wa bati mchana kweupe. Nikacheka, nikasema kwa sauti, na ile sauti yangu unaijua, "Kumbe mji huu hata gundi imepotea!" Hakuna aliyecheka. Nikarudi zangu nikilaumu ulanguzi.

Ndipo nikamkumbuka Ssalongo. Huku baba wa mapacha huitwa Ssalongo na mama yao Nalongo, na majina yao mengine husahauliwa. Huyu ni jirani yangu, fundi viatu, ana benchi lake kando ya njia. Fundi viatu akose gundi? Nikaenda kwake. Nikamkuta Nalongo uani anamenya ndizi.

"Habari, nyabo. Gundi iko?"

Kisu kikasimama. "Gundi?"

"Ndiyo. Naitafuta tangu juzi mji mzima. Najua hapa kwako ndiko iko."

"Gundi gani, ssebo?"

"Gundi yoyote, mama. Mimi sichagui."

"Hapa hapana iko mutu. Bwana yangu alienda mbali."

"Basi akirudi mwambie. Nataka ile inayoshika mara moja, ikishashika haiachii."

Akapangusa mikono kwenye gauni lake la gomesi polepole. "Ya kazi gani, ssebo?"

Hapo, Da Mwana. Hapo aliniuliza, na mimi ningeweza kujibu kama binadamu: nyabo, nachezea kidege. Lakini niliona haya. Mtu wa makamo yangu! Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikainama nikamnong'oneza, "Hiyo ni siri yangu. Usimwambie mtu kama nilikuja. Nitarudi jioni."

Na nikamkonyeza. Usimsomee wifi yako hapo.

Jioni nilirudi. Mlango umefungwa, ndizi zilizomenywa nusu zimebaki siniani, zimekuwa nyeusi. Kesho yake benchi la Ssalongo halina mtu, viatu vya watu vimepangwa chini yake. Nikaanza kumwulizia, maana nilimhurumia, nikadhani ameugua au amepatwa na yale yanayowapata watu huku. Nilimwuliza muuza maziwa, nikamwuliza mwenye kinu, nikawauliza hata wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba. "Ssalongo iko wapi? Nyie semeni tu. Nitamtafuta mpaka nimpate!" Wote simanyi. Nikasikitika jinsi majirani wa siku hizi wasivyojaliana.

Lazima nikwambie kuwa mimi hapa mtaani nilijiona ninaheshimika. Nikifika bombani na ndoo yangu wanawake hunipisha, "Endelea, ssebo, endelea." Nikipita, wanaume hunyamaza wakainuka. Nikawa nasema, watu hawa wanajua kuheshimu mvi. Nikaanza kutembea kwa kutanua mabega.

Aliyenitanzua ni mwenye nyumba wangu, Bi Halima, Mnubi, mjane wa askari wa zamani. Amezaliwa na Kinubi chake, Kiswahili anakisema, na Kiganda anagombana nacho sokoni kila siku. Aliingia kwangu bila kubisha.

"We mzee, unataka kufanya nini na watu?"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Uliuliza gundi?"

"Nimeuliza, nimekosa. Unayo?"

Akajipiga paja. "Huku hiyo kitu inaitwa gamu! Gamu! Gundi kwa Kiganda ni fulani. Ni mtu ambaye hutaki kutaja jina lake. Wewe unaingia kwa nyumba ya mutu, unasema natafuta fulani, fulani yoyote, nitarudi jioni!"

Nilikaa chini. Maneno yangu yakaanza kunirudia moja moja. *Sichagui. Ikishashika haiachii. Hata gundi imepotea.*

"Lakini mimi wananijua," nikasema. "Mimi ni fundi tu."

"Nani anakujua? Unaongea Kiswahili, unafanya kazi kwa nguo za askari, sajini anakuleta na gari. Jumapili unafunga mulango, wanasema iko anaandika majina. Sasa wewe unadhani wanakupisha kwa bomba kwa ajili ya hizo ndevu?"

Dada, nimewahi kuaibika. Wewe mwenyewe umeniaibisha mara nyingi, tena mbele za wakwe. Lakini aibu hii haikuja usoni, ilikaa tumboni. Ile heshima yote niliyokuwa naivaa kama kanzu ya Idi ilikuwa hofu. Nilikuwa nimeteka maji ya watu kwa hofu yao, nikawashukuru kwa adabu zao.

Ssalongo, alisema Bi Halima, alikuwa nyuma ya mlango siku ile. Alinisikia kila neno. Alitokea nyuma kupitia migombani bila viatu, yeye fundi viatu, na sasa anajificha, halali mahali pamoja. Nalongo anajua alipo, lakini hata umtie kaa la moto mkononi hatasema.

"Nitakwenda kumwomba radhi Nalongo sasa hivi," nikasema nikisimama.

"Ukienda peke yako utamuua kwa hofu. Kwanza nionyeshe hiyo kitu uliyokuwa unafungia mulango."

Nikaivuta ndege kutoka uvunguni. Bi Halima akautazama ule mwili wa ndege usio na mabawa, akawatazama askari punje za mpunga, akanitazama mimi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla, akasema, "Beba. Usiifunike na kitu. Watu waone."

Basi nikaibeba, Da Mwana, mchana, katikati ya njia ya Kasubi, ndege mkono huu na mabawa mkono ule, Bi Halima mbele yangu kama mshenga mbele ya bwana harusi. Watu walisimama. Nilitaka wacheke. Niliomba Mungu mtu mmoja tu acheke, hata kwa kunidhihaki. Hakuna aliyethubutu.

Nalongo alitutokea mlangoni. Nilipiga magoti. Huku mwanamke ndiye hupiga magoti akisalimia, mwanamume hapigi, kwa hivyo alirudi nyuma kama nimechomoa kisu. Nikaiweka ndege chini. Nikasema, "Hii ndiyo iliyotaka gundi, nyabo. Gamu. Nilitaka gamu ya kubandika mabawa. Niliona haya kusema." Bi Halima akamfasiria, na akaongeza ya kwake, nadhani hayakuwa ya kunisifu.

Nalongo akaitazama sana. "Mutoto yako iko wapi?"

"Sina mtoto hapa. Ni yangu mimi."

"Yako."

"Yangu."

"Bwana yangu analala kwa kichaka," akasema, "kwa hii."

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akafunga mlango, taratibu, kama anavyofungiwa mkubwa asije akaudhika.

Siku zikapita, mimi nikienda kazini kwa kupitia nyuma nisiwatishe watu njiani. Bombani nikajaribu kusimama mwisho wa foleni. Foleni yote ikasimama, hakuna aliyetaka kuteka kabla yangu, maji yakawa yanamwagika bure mpaka nikaondoka. Sasa nanunua kwa wachukuzi.

Alhamisi hii Ssalongo amerudi. Amekonda, miguu imepasuka. Sikwenda kwake. Yeye ndiye aliyekuja kwangu, mwenyewe, na kopo lake la gundi na kijiti. Moyo wangu ulijaa, dada. Nikasema, yamekwisha, mtu huyu ni mwema kuliko mimi. Nikamvutia kiti. Hakukaa. Alichuchumaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akaomba ndege. Akapaka gundi kwa mkono wa kazi, mwembamba, bila tone kuanguka, akalishika bawa akangoja, nami nikangoja. Nilikuwa natafuta la kumwambia na kila lililokuja lilikuwa dogo.

Halafu plastiki ikaanza kujikunja. Gundi ya viatu ni kali, inakula kitu kile. Bawa lilivimba, likakunjamana kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na injini moja ikalala upande. Mimi hata sikujali. Lakini nilimwona Ssalongo uso unambadilika. Akaiweka chini, akainua mikono yote miwili nipate kuiona, vidole vimetanuka, vina gundi.

"Nisamehe, afande," akasema. "Nisamehe. Sikutaka kuharibu."

"Ssalongo, mimi si afande. Mimi fundi vyerehani, kama wewe ulivyo fundi viatu. Mimi ndiye wa kukuomba msamaha, ndugu yangu."

"Ndiyo, afande."

Ndipo nilipo, Da Mwana. Nikihama, watasema nimekwenda kuleta wenzangu, na Ssalongo atarudi kichakani. Nikibaki, kuna mtu jirani yangu anayetoka nyumbani kwake kwa kunyata. Wewe ndiye uliyenilea, na hujawahi kuniogopa hata siku moja. Nijibu kwa dereva huyu huyu, na usinipake mafuta.

Mwambie wifi yako Saumu namkumbuka kwa chumvi na kwa sukari. Mkwe wangu Bakari azidishe subira na binti yangu, huyo ukali karithi kwako. Mjomba Mbarak, mlinzi wa ghala, nasikia bado analala kazini. Mwambie sisi wapwa zake tunamwombea usingizi mwema. Na Bi Rukia muuza mahamri, jirani yetu wa ukuta mmoja, msalimie sana, umwambie nikija nitamgongea mlango kwa jina langu, kwa sauti, mchana.

Ni mimi mdogo wako, fundi vyerehani tu,

Athumani